Dawa ya homa na maumivu kwa mtoto: kilo, kipimo na saa

Mama ameingia dukani baada ya magharibi, mtoto begani, kanga imelowa jasho.

"Nipe Panadol ya maji."

"Mtoto ana kilo ngapi, bibi?"

"Ana mwaka na nusu."

"Kilo, si umri."

Hajui. Namuuliza mtoto alipewa dawa mara ya mwisho saa ngapi. Anamtazama mama mkwe wake aliyesimama mlangoni, na mama mkwe anamtazama yeye. "Mimi nilimpa alasiri," anasema mkubwa. "Na mimi nimempa tulipokuwa tunatoka," anasema mdogo, sauti imeshuka.

Mimi nauza dawa hapa Chake Chake, Pemba, na mazungumzo ya namna hii nayasikia kila wiki. Dawa ya homa kila nyumba inayo, kwa hiyo hakuna anayeiogopa. Ikipimwa vizuri ni miongoni mwa dawa salama tulizonazo. Ikizidi inaunguza ini, tena kimya kimya, mtoto akiwa bado anacheza. Na kwetu, penye mama, bibi, wifi na shangazi chini ya paa moja, huzidi kwa mapenzi. Kila mkono unataka kumsaidia mtoto, na kila mkono una kijiko chake.

Haya ndiyo ninayowaeleza watu kaunta, kwa urefu zaidi kuliko foleni inavyoniruhusu.

Hatua ya 1: Huyu ni wa chupa au wa hospitali?

Kabla hujafungua dawa yoyote, mtazame mtoto. Wapo watoto ambao homa yao haisubiri kijiko.

Wa kwanza ni mtoto aliye chini ya miezi 3. Joto lake likifika 37.5 kwapani, mpeleke akaonwe siku hiyo hiyo, hata ikiwa usiku. Usimpe dawa ya homa nyumbani kwa shauri lako au langu. Kichanga hana namna nyingi za kuonyesha ugonjwa mkubwa, na pengine homa ndiyo dalili pekee atakayokupa. Ukiifunika kwa dawa, umemnyang'anya daktari hiyo dalili.

Kwa mtoto wa umri wowote, ondoka mara moja ukiona mojawapo ya haya:

- hawezi kunyonya wala kunywa;
- anatapika kila kitu;
- amepata degedege;
- amelegea, haamki vizuri, au hakutambui;
- shingo imekakamaa, au utosi umevimba;
- anahema kwa shida, mbavu zinaingia ndani;
- ana vipele vyekundu au vya zambarau visivyofifia ukivibonyeza;
- utosi na macho yamebonyea, mkojo umekatika, akilia hatoi machozi.

Mtoto mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, naye yumo katika kundi hili. Homa kwake ni safari ya hospitali leo, hata akiwa anacheka. Pemba mnazo Abdulla Mzee pale Mkoani, Chake Chake, Wete na Micheweni. Unguja kuna Mnazi Mmoja, na kwa watu wa shamba Kivunge na Makunduchi. Kituo cha afya kilicho karibu ndicho cha kuanzia ikiwa hospitali iko mbali.

Halafu kuna malaria. Kiswahili chetu kimetuponza kidogo hapa, maana neno "homa" limekuwa jina la joto na jina la malaria kwa pamoja. Zanzibar imeisukuma malaria mpaka chini sana, maambukizi kwa ujumla chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi, na kwa hivyo watu wamejisahau. Haijatoweka. Inarudi na abiria wa boti na majahazi wanaotoka bara, na masika yanaiongezea nguvu. Mtoto mwenye homa apimwe damu kituoni, ndani ya siku moja tangu homa kuanza, na mwambie mhudumu kama mlikuwa Tanga au Dar wiki mbili tatu zilizopita. Dawa ya homa unaweza kumpa huku mnakwenda kupima, kwa sababu haiharibu kipimo. Kinachoharibu ni vile vidonge vya malaria vilivyobaki katika droo ya jirani.

Hatua ya 2: Pima joto

Mkono wa mama unajua kuwa kuna joto, ila hauwezi kukwambia ni kiasi gani. Kipima joto cha betri hakina bei kubwa, nunua kimoja. Vile vya kioo vyenye zebaki viacheni, vikivunjika ni balaa jengine.

Mvue mtoto nguo za juu. Futa jasho la kwapa kwa kitambaa kikavu, maana kwapa lenye maji linadanganya. Weka ncha katikati ya kwapa, teremsha mkono wake, umkumbatie mpaka kilie. Kama ndiyo kwanza ametoka kuogeshwa, au alikuwa amegubikwa blanketi, subiri robo saa kwanza. Kaskazi inapokuwa kali mtoto aliyefunikwa anaweza kupanda joto bila ya ugonjwa wowote. Nimewahi kuletewa mtoto aliyevishwa soksi, kofia ya sufu na mablanketi mawili, mwezi wa Februari.

Kuanzia 37.5 kwapani tunasema ana homa. Andika namba na saa.

Je, lazima umpe?

Hapa nitapingana na bibi wengi. Homa ni kazi ya mwili, namna yake ya kupambana na vijidudu. Mtoto mwenye 38 anayenyonya, anayecheza na kumvuta paka mkia hahitaji dawa ya homa. Anahitaji kunywa na kuangaliwa. Dawa tunampa kwa ajili ya raha yake, akiwa analia, anaumwa kichwa au sikio, hali, halali, au joto limefika 38.5 na amenyong'onyea. Lengo ni kumuona anapata nafuu. Ukimpa dawa, joto likashuka kutoka 39.4 hadi 38.3 na mtoto akaomba uji, dawa imefanya kazi. Usimuongeze ili uione 36.8.

Na usimuamshe usingizini kwa ajili ya dawa ya homa. Akilala na anahema vizuri, usingizi ni bora kuliko kijiko.

Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 huleta joto na uchungu wa paja kwa siku moja au mbili. Umri huu unaangukia kwenye lile kundi la hatari, au ndiyo kwanza unatoka humo, kwa hiyo muulize muuguzi palepale kliniki, kabla hujaondoka: akichemka nifanye nini, na nimpe kiasi gani? Usimtangulizie dawa kabla ya sindano.

Hatua ya 3: Soma chupa

"Panadol" ni jina la biashara. Dawa yenyewe ni parasetamoli, na kwenye chupa utaikuta imeandikwa Paracetamol, au Acetaminophen ikiwa imetoka Marekani. Majina ya mbele ya boksi yanabadilika, kwa hiyo tafuta neno hilo kwa maandishi madogo.

Kisha tafuta nguvu yake. Hii ndiyo sehemu ambayo watu wanaipita haraka, na ndiyo inayoleta msiba. Chupa nyingi za watoto hapa zimeandikwa 120 mg/5 ml au 125 mg/5 ml, yaani katika kila mililita 5 za maji mna miligramu 120 au 125 za dawa. Zipo nyengine za watoto wakubwa za 250 mg/5 ml, maradufu ya ile ya kwanza, na chupa zinafanana kama pacha. Yapo pia matone ya vichanga yenye 100 mg katika mililita 1. Mama aliyezoea kutoa mililita 5 za chupa ya kawaida akifanya vile vile kwa chupa ya matone, amempa mtoto 500 mg, kidonge kizima cha mtu mzima. Kila ukinunua chupa mpya, soma upya. Usiseme "ni ile ile."

Tazama pia dawa za mafua na kikohozi. Nyingi zina parasetamoli ndani. Mtoto anayepewa dawa ya mafua na Panadol anapewa kitu kimoja mara mbili. Kwa watoto wadogo mimi siuzi kabisa hizo za mchanganyiko. Mafua ya mtoto yanataka kusafishwa pua na kunyonya.

Hatua ya 4: Kilo

Kipimo cha mtoto kinatoka kwenye uzito wake. Watoto wawili wa mwaka mmoja na nusu, mmoja ana kilo 8, mwengine 13. Umri ni ule ule, dawa si ile ile. Uzito wa mwisho upo kwenye kadi ya kliniki. Ukija dukani, njoo na kadi. Kama imepotea, panda mizani ukiwa umembeba, kisha upande peke yako, utoe tofauti.

Parasetamoli hutolewa 10 hadi 15 mg kwa kila kilo ya mtoto, kwa mara moja. Kwa chupa ya 120 au 125 mg/5 ml, hesabu ya kaunta ni rahisi: nusu mililita kwa kila kilo. Inakuweka katikati ya kiwango, mbali na hatari.

- Kilo 6: ml 3
- Kilo 8: ml 4
- Kilo 10: ml 5
- Kilo 12: ml 6
- Kilo 14: ml 7
- Kilo 16: ml 8
- Kilo 20: ml 10

Kwa chupa ya 250 mg/5 ml, kata namba hizo nusu. Ya matone usiitumie mpaka mfamasia akuandikie kipimo kwa mkono wake.

Vidonge vya 500 mg ndivyo vilivyo rahisi kupatikana shamba, na watu wanavivunja. Robo ya kidonge, 125 mg, inamfaa mtoto wa kilo 9 hadi 12. Nusu inamfaa wa kilo 17 hadi 25. Waliopo katikati ni tabu, kwa sababu robo haiwatoshi na nusu inawazidi, kwa hiyo hao watafutie ya maji. Kidonge kivunje kwa kisu juu ya sahani safi, ukisage baina ya vijiko viwili, ukoroge na maji au uji kijiko kimoja. Usimpe mtoto mdogo kipande akimeze, kitampalia.

Mtoto aliyekonda kwa utapiamlo, mwenye macho ya manjano, au aliyekaa siku kadhaa hali kitu, ini lake halina akiba. Kwa huyo usitumie hesabu yangu. Aonwe kwanza.

Hatua ya 5: Weka kijiko cha chai kabatini

Siku moja nilikusanya vijiko vitatu vya chai nyumbani kwangu, nikajaza maji, nikayavuta kwa bomba la sindano. Kimoja kilitoa mililita 3, cha pili 4 na nusu, cha tatu, kile cha harusi chenye maua mpini mzima, karibu 7. Vyote tunaviita kijiko kimoja.

Tumia kikombe kidogo kilichokuja na chupa, au bora zaidi, bomba la sindano la mililita 5 au 10 lisilo na sindano. Duka lolote la dawa linauza. Tikisa chupa kwanza, kwa nguvu, mpaka uone chini hakuna kilichoganda, kwa sababu dawa hutuama. Ukitoa bila kutikisa, siku za mwanzo mtoto anakunywa maji matamu, na siku za mwisho anakunywa dawa yote iliyojikusanya chini. Vuta mpaka kwenye mstari, inua bomba usawa wa jicho penye mwanga, toa povu, tazama tena. Kwa kikombe, kiweke juu ya meza ndipo uiname ukisome. Ukikishika mkononi kinalala upande.

Hatua ya 6: Kumnywesha

Mkalishe pajani, kichwa kimeinuka, mkono wake mmoja nyuma ya mgongo wako na mwengine umeushika kwa upole. Ingiza ncha ya bomba pembeni mwa mdomo, baina ya shavu na ufizi. Sukuma kidogo, mililita 1 hivi, ngoja ameze, sukuma tena. Ukiimwaga juu ya ulimi ataitema, na ukiipeleka kooni itampalia.

Kuna desturi ya kumlaza mtoto chali, kumbana pua na kummiminia. Najua imelea wengi, na waliolelewa hivyo ndio wanaonisimulia. Lakini mtoto aliyebanwa pua anapofungua mdomo anavuta pumzi, na dawa inaifuata pumzi mapafuni. Tuiache.

Usiichanganye na chupa nzima ya maziwa au bakuli la uji, maana akiacha nusu hujui amepata ngapi. Mpe dawa, kisha titi au funda la maji kuondoa uchungu. Aliye chini ya miezi 6, titi linatosha. Na usimwambie ni sharubati wala peremende. Siku utakayoisahau mezani, ataitafuta.

Akitapika yote kabla ya nusu saa kupita, unaweza kumpa tena kipimo kile kile, mara moja tu. Ikiwa nusu saa imepita, subiri zamu inayofuata. Akitapika na ya pili, ondokeni.

Nafuu huanza baada ya nusu saa hadi saa moja. Huu ndio muda ambao mikono inawasha. Kaa nayo.

Hatua ya 7: Saa, na mkono mmoja

Parasetamoli hupewa kila baada ya saa 6. Kama hali imembana unaweza kumpa baada ya saa 4, kamwe si chini ya hapo, na si zaidi ya mara 4 katika usiku na mchana mmoja.

Saa ya Kiswahili inatusaidia: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Ni 12 na 6, basi. Ila ukiweka kengele ya simu kumbuka kwamba saa 12 jioni kwenye simu ni 18:00. Wapo walioandika 12:00, ikawalilia mchana wakampa mtoto dawa juu ya dawa.

Tatizo letu kubwa ni ile karatasi iliyoandikwa "5 ml x 3". Mgonjwa anaambiwa asubuhi, mchana, jioni, na kwetu siku inapimwa kwa adhana. Nyumba nyingi zinafungamanisha dawa na sala, jambo zuri la kukumbushana, lakini sala haziko mbali sawasawa. Kutoka alasiri mpaka magharibi ni kama saa mbili na nusu. Kutoka magharibi mpaka isha ni saa moja na kidogo. Aliyempa mtoto alasiri, magharibi na isha amemaliza karibu dawa ya siku nzima kabla hajatandika kitanda. Kama unataka kutumia sala, chukua alfajiri, adhuhuri na magharibi tu, kisha kipimo cha usiku wa manane ikiwa mtoto yuko macho na anasumbuka.

Nyumbani kwetu lilitokea Ramadhani moja. Mtoto wa ndugu yangu alipewa dawa baada ya futari na mama yake, akapewa na bibi wakati mama yuko tarawehe, na shangazi aliyekuja kumjulia hali akamuongeza kwa sababu "bado anachemka." Mara tatu ndani ya saa mbili. Aliyegundua ni bibi, aliyeona chupa imeshuka. Tulikwenda hospitali usiku ule, wakamuweka wakamuangalia, akatoka salama. Tangu siku ile chupa ya dawa kwetu ina karatasi iliyofungwa kwa mpira shingoni, na kalamu.

Karatasi ina mambo matano: tarehe, saa, joto, mililita ngapi, na nani amempa. Asiyeandika hajaruhusiwa kufungua chupa. Na dawa iwe na mkono mmoja: chagueni mtu mmoja kwa siku, mama au bibi, huyo ndiye mpaji, wengine wote wanamuuliza. Si dharau kwa mkubwa. Kwetu bibi mwenyewe ndiye alijichagua, na ni mkali kuliko mimi.

Mtoto akitoka hospitali, uliza kama alichomwa sindano, alitundikiwa dripu au aliwekewa dawa ya njia ya haja kubwa, na saa ngapi. Vyote hivyo vinaweza kuwa parasetamoli ile ile, na vinahesabika kwenye zile 4.

Ikifika siku ya pili homa haijaondoka, au imeondoka ikarudi, mrudishe kituoni hata kama alishapimwa. Dawa ya homa haitibu sikio, nimonia wala mkojo mchafu. Antibayotiki, nazo, si dawa za homa. Msinilazimishe kuziuza bila cheti cha daktari.

Ibuprofeni, aspirini na jamaa zao

Ibuprofeni ni dawa nzuri ya maumivu ya sikio, meno na maungo, lakini ina masharti. Usimpe aliye chini ya miezi 6 bila daktari. Usimpe mtoto anayeharisha au kutapika, kwa sababu figo zilizokauka maji haziiwezi. Usimpe mwenye tetekuwanga, mwenye pumu inayochafuka kwa dawa hizi, wala mwenye ugonjwa wa figo. Ya maji huwa 100 mg/5 ml. Kipimo ni 5 hadi 10 mg kwa kilo, yaani mtoto wa kilo 10 hupata mililita 2.5 hadi 5, kila baada ya saa 8, mara 3 kwa siku basi, baada ya kula au kunyonya. Usiichanganye na parasetamoli kwa wakati mmoja. Wapo wanaopishanisha hii na ile kila saa tatu. Nyumba yenye mikono mingi haiwezi hesabu hiyo. Chagua moja.

Na ipo sababu ya visiwani. Homa ya dengi, kidingapopo, tunayo, na si ngeni. Daktari James Christie aliyekuwa Unguja aliandika habari za mlipuko wa 1870 ambao wenyeji waliuita kidinga pepo. Ugonjwa huu unaweza kuwatoa watu damu, na ibuprofeni, diklofenaki na aspirini huzidisha kutoka damu. Mpaka ujue homa ni ya nini, parasetamoli ndiyo salama.

Aspirini usimpe mtoto wala kijana aliye chini ya miaka 16. Inaweza kuleta ugonjwa wa ghafla wa ubongo na ini baada ya mafua au tetekuwanga. Na sindano za diklofenaki "za kushusha homa" kataa kwa heshima.

Maji, nguo, na dawa za nyumbani

Mpunguzie nguo, fungua dirisha, washa feni isimpige moja kwa moja. Mnyonyeshe kila mara. Aliyepita miezi 6 mpe maji, dafu au uji mwepesi, kidogo kidogo. Usimuogeshe maji ya baridi wala ya barafu, wala usimsugue spiriti. Baridi inamfanya atetemeke na joto la ndani lipande, na spiriti inaingia mwilini kupitia ngozi. Akipenda kufutwa kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, mfute. Akilia, acha.

Kombe la zafarani lililoandikwa kwa ajili ya dua, au mvuje, ule utomvu wenye harufu kali, uliofungwa mkononi, mimi siingilii. Ni imani ya nyumba, mradi aliye chini ya miezi 6 apakwe kombe, asinyweshwe, na mvuje usifike mdomoni mwake. Mwarobaini usimnyweshe kichanga kabisa. Wala usimfukize mtoto mwenye homa katika chumba kilichofungwa.

Degedege

Tuseme wazi: dawa ya homa haizuii degedege. Usimzidishie kwa kuiogopa. Ikimpata, mlaze ubavu juu ya mkeka, ondoa vitu vigumu karibu yake, legeza nguo ya shingoni, tazama saa. Usimtie kijiko, kidole, maji wala dawa mdomoni. Usimshike kwa nguvu. Ikipita dakika 5, ni dharura kubwa; ikiisha kabla, bado mpeleke. Wapo wanaosema mwenye degedege akichomwa sindano hufa, wakamchelewesha kwa mganga. Anayekufa ni aliyecheleweshwa, kwa sababu malaria ya kichwa na uti wa mgongo huanza hivi hivi. Dua isomwe garini.

Ikiwa amezidishiwa

Mmegundua amepewa mara mbili kwa kipimo kikubwa, au amejinywea chupa. Usimtapishe, usimpe maziwa "kuua sumu". Chukua chupa, ile karatasi, na kadi yenye kilo, mwende hospitali sasa hivi. Usingoje dalili. Siku ya kwanza mtoto anaweza kuwa mzima au kutapika kidogo tu. Macho ya manjano na kulegea huja siku ya pili au ya tatu, ini likiwa limeshaumia. Ipo dawa ya kuzima sumu hii, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Waambieni ukweli wote, na nani alitoa nini. Hakuna atakayewagombeza, na hata wakiwagombeza, semeni.

Kununua na kuweka

Nunua katika duka lenye usajili, si kwenye meza ya sokoni wala kwa mtu aliyeshuka na mkoba bandarini. Mwaka 2022 nchini Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa baada ya kunywa dawa za maji za mafua na kikohozi zilizochafuliwa na kemikali zinazoharibu figo. Kwetu Zanzibar dawa zinasimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA. Chupa isiyo na lebo nzima, namba ya toleo na tarehe ya mwisho, irudishe. Usinunue dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda.

Andika kwa kalamu tarehe uliyoifungua. Iweke pakavu, mbali na jua la dirishani na jiko. Zile za kuweka njia ya haja kubwa huyeyuka kwa joto letu, mahali pake ni friji. Osha bomba kwa maji ya moto na sabuni, likauke, ulifunge pamoja na chupa. Kisha weka vyote juu ya kabati, nyuma, pale ambapo mtoto akipanda kiti bado hafiki. Mkoba wa mgeni nao uning'inizwe juu. Vidonge vya presha na sukari vya bibi mara nyingi vimo humo.